Kosi iko kwenye simu, mega ni za nani?

Kila mara shimo linapoporomoka, swali la kwanza la patroni ni hili: huyu alifundishwa usalama ao hakufundishwa? Zamani jibu lilitafutwa kwa fundi aliyemupeleka chini siku ya kwanza. Leo liko kwenye kompyuta: jina, tarehe, alama 80 kwa 100. Mufanyakazi alifungua kosi kwenye simu, akajibu maswali, cheti kikatoka. Basi kosa ni lake.

Sisi wa sindika tunaomba hatari hiyo ionwe mbele ya kushangilia mutandao.

Masomo haya makubwa ya intaneti, ambayo mutu yeyote anajiandikisha bila kupita mutihani wa kuingia, si kitu kibaya. Coursera na edX zilianza Marekani mwaka 2012, Ufaransa ikafuata na FUN mwaka 2013, na chuo cha EPFL cha Uswisi kimetengeneza kosi za Kifaransa kwa kufikiria Afrika. Kwa kijana wa Walikale ambaye hajaona profesa wa jeolojia kwa macho yake, ule ni mulango. Tena simu haifungiwi barabara. Machi 2025, vita ilipokaribia Walikale-centre, kazi ya Bisie ilisimama na watu wakaondolewa, ikarudi mwezi wa Aprili. Kalasi haikimbii, simu inakimbia na mwenyewe. Hiyo tunakubali.

Lakini kompani ziliona ndani yake kitu kingine: mafunzo ya bei ndogo. Pahali pa kulipa fundi apande mulimani siku kumi, ofisi inatuma ujumbe mumoja. Mufanyakazi anatoka chini saa 12 ya jioni, anafika kambini, mutandao unapanda na kushuka. Video moja inakula mega za siku mbili. Mega ni zake, saa ni zake, usingizi ni wake. Na kosi ni ya Kifaransa cha chuo, wakati chini ya ardhi tunaitana kwa Kiswahili. Namna ya kushikilia mwamba usianguke tunaijua kwa mikono. Kwenye skrini inageuka kuwa neno la kuchagua kati ya A, B na C. Tumeona kijana akimulipa mwenzake aliyemaliza masomo kusudi amujibie. Cheti kilitoka na jina la kijana. Hatumulaumu, aliogopa kupoteza kazi. Lakini siku ile jiwe litaanguka, cheti hicho kitasimama upande wa nani?

Hata kule Ulaya na Marekani, penye umeme wa saa 24, wanaomaliza kosi za namna hii mara nyingi hawafiki 15 kwa 100 ya waliojiandikisha. Na wale wanasoma kwa kupenda.

Masisi ni hadithi ingine. Rubaya hakuna patroni mumoja. Kuna wakreseri maelfu, wenye mashimo, wanunuzi, na musimu wa mvua udongo unashuka. Kosi inayosema "pigia ofisa wako wa usalama" inamwambia nani? Pale mwalimu ni muzee anayejua kusoma ufa wa udongo, anasimama asubuhi kando ya shimo na kusema: leo hatuingii. Sauti yake ya dakika mbili, kwa Kiswahili, ikipita kwa WhatsApp na kwa radio, ingesaidia kuliko video ya saa nzima.

Kwa wenye kontra, madai yetu si makubwa. Saa ya kusoma ni saa ya kazi, ilipwe. Mega zitoke kwa mwajiri. Kosi ionwe kwanza na kamati ya usalama na usafi, ambayo Sheria ya Kazi ya 2002 inaitambua, na mutu asiandikwe "amefundishwa" kama fundi hajamuona akifanya kwa mikono. INPP iko tangu 1964 na waajiri wanaichangia. Mafundi wake waitwe mulimani. Na kama cheti hakigusi mushahara wala daraja, tuache kukiita cheti.

Kuna kosi moja ambayo hakuna mwajiri aliyetutumia hata siku moja: ile ya chuo cha Columbia cha New York pamoja na NRGI, juu ya mikataba na kodi za mafuta na madini. Nayo inasomwa bure. Sheria yetu ya migodi ya 2018 inasema kompani itoe angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na delege wengi hawajui hesabu hiyo inaanzia wapi. Kosi iko kwa Kiingereza. Tunatafuta watu wawili ao watatu wa kututafsiria, Siku ya Mungu kisha misa. Mega tutachanga.