Mfupa Uliopotea Hauwezi Kupimwa

Kila somo la viumbe vya kale linapofika kwa dinosaria walao majani, wenye shingo ndefu na miguu minene kama magogo, swali la wanafunzi huwa moja: ni yupi aliyekuwa mkubwa kuliko wote? Jibu lililotolewa mara nyingi ni Amphicoelias fragillimus wa Marekani, aliyesemekana kuwa na urefu wa meta 58. Jibu hilo halifai kufundishwa kama jambo lililothibitishwa. Sababu si kwamba mnyama huyo hakuwapo. Sababu ni kwamba mfupa uliozaa kipimo hicho umepotea, na hakuna awezaye kuupima tena.

Mwaka 1877 Oramel Lucas aliajiriwa kuchimbua mifupa kwa ajili ya mwanasayansi Edward Drinker Cope. Huko Garden Park, karibu na mji wa Cañon City katika jimbo la Colorado, alipata sehemu ya juu ya pingili moja ya uti wa mgongo. Cope aliutangaza mfupa huo mwezi Agosti 1878. Alieleza kwamba kipande hicho kilikuwa na kimo cha milimeta 1,500, akachapisha mchoro mmoja tu, unaouonyesha mfupa kwa upande wa nyuma. Jina fragillimus ni la Kilatini, lenye maana ya kitu kilicho rahisi mno kuvunjika, kwa kuwa kuta za mfupa huo zilikuwa nyembamba sana. Jina likawa kama ubashiri. Mkusanyo wa Cope ulinunuliwa baadaye na makumbusho ya American Museum of Natural History ya New York, na mwaka 1921 Henry Fairfield Osborn na Charles Mook walieleza kwamba mfupa huo haukupatikana. Yadhaniwa kwamba ulimomonyoka, maana siku zile ufundi wa kuimarisha mifupa dhaifu ulikuwa bado mchanga.

Kilichobaki, basi, ni tarakimu chache na mchoro mmoja. Juu ya msingi huo mwembamba kumejengwa wanyama zaidi ya mmoja. Mwaka 2006 Kenneth Carpenter aliulinganisha mchoro wa Cope na mifupa ya Diplodocus, akapata mnyama wa meta 58. Mwaka 2014 Cary Woodruff na John Foster walitoa hoja kwamba huenda tarakimu zilikosewa wakati wa kuchapa, na kwamba milimeta 1,500 zilikuwa 1,050. Kwa uwiano ule ule, meta 58 zingeshuka hadi kama 41. Mwaka 2018 Carpenter aliikataa hoja hiyo ya kosa la chapa, lakini akaona kwamba mnyama huyo alikuwa wa ukoo mwingine, ambao pingili zake ni ndefu kwenda juu kuliko za Diplodocus. Akampa jina jipya, Maraapunisaurus, na urefu mpya wa takriban meta 30. Mfupa ni ule ule, mchoro ni ule ule, mtaalamu ni yule yule, na mnyama amepungua karibu nusu.

Mwanafunzi ataelewa jambo hili kwa mfano wa pembe ya ng'ombe. Mtu asiyepata kumwona ng'ombe wa Ankole akiokota pembe yake, kisha akakadiria mwili kwa kufuata uwiano wa ng'ombe mwenye pembe fupi, atapata mnyama wa kutisha. Hesabu yake itakuwa sahihi, lakini mnyama wake atakuwa wa uongo. Kosa halimo katika kuzidisha na kugawanya. Limo katika kuchagua kipimo cha kulinganishia.

Wako wanaomtetea jitu huyu kwa kusema kwamba Cope alikuwa mjuzi wa mifupa, na kwamba Othniel Marsh, mpinzani wake mkubwa aliyekuwa akimchunguza kila hatua, hakupata kumkanusha. Hoja hiyo ina uzito wake, wala hakuna sababu ya kumwita Cope mwongo. Hata hivyo kimya cha mpinzani si kipimo. Sayansi haimtaki msomaji aamini kwa heshima ya mtu. Humwonyesha kitu chenyewe na kumwambia apime.

Mfano wa kinyume umo katika ardhi ya Tanzania. Kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa mingi ya dinosaria ilichimbuliwa Tendaguru, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin. Mwaka 1914 Werner Janensch alimpa mmoja wa wanyama hao jina la Brachiosaurus brancai. Mwaka 2009 Michael Taylor aliipitia mifupa hiyo upya, akaonyesha kwamba inatofautiana mno na ile ya Brachiosaurus wa Marekani, hivyo mnyama wa Tendaguru astahili jina la Giraffatitan. Rai iliyodumu miaka mingi ilisahihishwa kwa sababu ushahidi ulikuwapo rafuni. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa Lindi hana njia rahisi ya kuifikia mifupa hiyo ya Berlin, na hilo nalo ni pungufu lisilopasa kusahauliwa: ushahidi ulio mbali ni nafuu kuliko uliopotea, lakini haumnufaishi kila mtu sawasawa.

Haifai, basi, kumfuta jitu wa Colorado katika masomo. Yafaa ahamishwe kutoka orodha ya mabingwa wa ukubwa na kuwekwa katika somo la ushahidi. Mwalimu na awape wanafunzi kipimo cha Cope, awaache wakadirie urefu kwa uwiano mbalimbali, kisha awaulize ni jibu lipi wanaloweza kulithibitisha. Watakaposema kwamba hawawezi, watakuwa wamejifunza jambo kubwa kuliko meta 58.

Funzo hilo lihusu pia kazi za mikono yao. Mwanafunzi akiona mfupa uliogeuka jiwe katika korongo, asiung'oe. Aandike mahali na tarehe, auchore au aupige picha pamoja na rula, kisha atoe taarifa kwa mwalimu ili wataalamu wa mambo ya kale waarifiwe. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Cope aliacha daftari lakini mali ikapotea, na tangu hapo wataalamu wamebaki kubishana juu ya karatasi. Sayansi huvihitaji vyote viwili.