Katuni za Afya na Kioo cha Kijivu

Niliketi Nyarubungo, mkoani Kagera, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa makamo. Alikuwa ameshika kifaa cha kusomea vitabu, chepesi, chenye kioo cha kijivu, alichopewa ili asome katuni ya kufundishia upimaji wa mkono wa mtoto. Alikisogeza mbali, akakirudisha karibu, kisha akaniuliza: "Daktari, mbona utepe wote una rangi moja?"

Utepe wa MUAC huzungumza kwa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, yaani utapiamlo mkali. Njano huanzia hapo hadi chini ya 12.5, kijani ni 12.5 na kuendelea. Katika kioo kile nyekundu na kijani zilikuwa kijivu kilekile, na mtoto anayepaswa kupelekwa kituoni bila kuchelewa alifanana na mwenzake mwenye siha.

Vifaa hivyo sivichukii. Kwa riwaya ninavipenda: wino wa kielektroniki husomeka vizuri juani, na chaji hudumu kwa wiki kadhaa, jambo lisilo dogo kwa anayetegemea umeme wa jua. Katuni ni habari nyingine. Katika kitabu cha kawaida msomaji hukuza herufi na mistari ikajipanga upya. Katika katuni maneno ni sehemu ya mchoro. Ukitaka kukuza herufi unakuza ukurasa mzima, nusu ya picha inatoka nje ya kioo, na mfuatano wa hadithi unapotea. Tena wahudumu wetu wengi wamevuka miaka 40, umri ambao lenzi ya jicho imekwisha kukakamaa na herufi ndogo za karibu huonekana kwa ukungu. Hao (nasema kama daktari wa macho) wapewe miwani ya kusomea kabla ya kifaa chochote.

Kwa katuni za afya, basi, ningechagua kishikwambi chenye rangi na kioo cha inchi 10 hivi, badala ya kifaa cha kijivu cha inchi 6. Kina kasoro zake: juani kinamulika kama kioo cha kujitazamia, na chaji yake huhesabiwa kwa saa. Vipo sasa vifaa vya wino wa kielektroniki wenye rangi, lakini rangi zake zimefifia. Nisingemkabidhi mtu ujumbe wa nyekundu na kijani humo bila kuufungua kwanza ukurasa wenyewe na kuutazama.

Wengine huniuliza kuhusu mwanga wa buluu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, yaliona kwamba miwani ya kuuchuja huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi. Tunachoka zaidi kwa kuwa tukikodolea kioo tunapepesa macho mara chache. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 mbele yako.

Yule mama hakungoja ushauri wangu. Alifungua mkoba wake, akatoa utepe halisi, akaulaza juu ya kioo kando ya mchoro, akaendelea kusoma.