Jogoo wa Krismasi na kisu cha jirani

Wadau, nimepotea siku nyingi, nisameheni. Majaribio, kazi za vikundi (mnazijua, watu sita kazi anafanya mmoja), halafu safari. Nipo nyumbani Tanga, Mabawa, tangu juzi. Joto la Desemba ni lile lile, maembe yamejaa kila kona, na mama ameshanipangia kazi kana kwamba chuoni nilikuwa nimelala tu.

Leo naongelea jogoo. Msicheke.

Sisi ni Wakristo. Babu mzaa baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huko Muheza. Wanaosoma historia mnajua: mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893, enzi za Mjerumani, na mashamba yakavuta watu kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, hadi Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Ndiyo maana mtaa wetu una makabila ya kila aina na msikiti uko karibu kuliko kanisa.

Tangu nipate akili, kila tarehe 24 jioni mtoto mmoja wa kwetu hubeba jogoo na kisu, huvuka njia, hupiga hodi kwa mzee wa jirani. "Shikamoo mzee." "Marahaba mjukuu wangu, umeniletea mgonjwa?" Anacheka peke yake, utani ni ule ule miaka yote. Anamgeuza jogoo kibla, anasoma Bismillahi, kazi imekwisha. Kesho yake sahani za pilau zinatoka kwetu zikiwa zimefunikwa kawa, zinaenda nyumba tano sita. Idi zinarudi na biriani. Sahani ya mtu hairudi tupu, hilo kila mtoto wa pwani analijua.

Sasa mwaka huu mjomba amekuja kutoka Dar na maneno yake. Jana mezani kaanza: "Kwani sisi mikono hatuna? Kuku wetu, sikukuu yetu, tunamwomba ruhusa nani?" Mama hakuacha hata kuchambua mchele. "Siombi ruhusa. Nataka majirani wale. Ukichinja mwenyewe, utakula mwenyewe."

Mie niko na mama. Ila mjomba simcheki, maana hayuko peke yake. Nimesikia maneno kama yake chuoni, na ya upande wa pili pia nimeyasikia: kuna mwenzetu aliniambia sahani ya Krismasi haipokei, hata kuku awe amechinjwa na imamu. Sawa, asile, tumbo ni lake. Mwingine ataniletea hoja kwamba chakula cha watu wa Kitabu kinaruhusiwa, kwa hiyo mama anajisumbua bure. Hiyo nawaachia wenye elimu ya dini, mie nasomea kufundisha Jiografia. Ninachojua ni kwamba mzee wa jirani anakula kwa amani akijua nani kachinja. Inatosha.

Na tusijidanganye kwamba ni jambo dogo. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Mtu amekufa, jamani, kwa sababu ya nani ashike kisu. Nilikuwa bado mdogo, nikakua nikidhani hayo ni mambo ya huko mbali. Nikimsikiliza mjomba naona si mbali sana.

Kuna jambo jingine linanikera. Kila mwisho wa mwaka tunachangishana kwenye grupu, tunanunua mchele na sabuni, tunapeleka kituo cha yatima, tunapiga picha mia. Sikatai, hata mie nimo kwenye hizo picha, na fulana nimevaa. Lakini wema ule tunamfanyia mtu ambaye kesho hatumwoni. Huu wa jogoo unataka umjue jirani yako, nini anakula na nini hali, kabla hujawasha moto.

Na hapo nakiri. Mwaka jana, kabla ya kufunga chuo, tulipika chumbani hosteli. Kuku nilimchinja mie mwenyewe nyuma ya bweni, najisifu kabisa. Mwenzangu mmoja wa chumba ni wa Pangani. Akapakua wali na kachumbari, akasema ameshiba. Tukamtania kwamba anajikondesha. Usiku saa tano namwona anakula mkate mkavu kitandani, kageukia ukutani. Hakunilaumu hata siku moja. Mie, mtoto wa Mabawa, niliyebeba jogoo kuvuka njia tangu darasa la pili, sikukumbuka kumuuliza! Vyumba vitatu tu mbele walikuwepo vijana ambao wangechinja kwa dakika mbili.

Nimempigia simu leo asubuhi. Nimemwambia nakuja kwao Pangani tarehe 27, nikae siku moja. Akauliza kuna nini. Nikamwambia nina deni la kuku. Kacheka mpaka salio likaisha.

Basi naishia hapa, mama anaita. Jogoo amefungwa mguu kwenye mwembe na kesho jioni zamu ni ya mdogo wangu. Mjomba kasema eti atamsindikiza, akamwone huyo mzee.