Jinai Hailipi, na Mpimba Inajaa

Vitivo vya sheria vya Bujumbura, cha Chuo Kikuu cha Burundi na vya vyuo binafsi, hupokea kila mwaka vijana ambao tayari wamejiona ndani ya joho jeusi, wamesimama mbele ya majaji kumnasua mtu asiye na hatia. Ni wachache wanaojiona wakiandika mkataba wa mkopo wa benki. Wazazi wanaolipa karo wana swali lao: jinai inalisha? Kwa hali ilivyo Burundi leo, hailishi peke yake, na sababu si ile inayosemwa vijiweni.

Husemwa kwamba mawakili wamezidi kesi. Kwa mashauri ya biashara, pengine. Kwa jinai, hata kidogo. Gereza la Mpimba, kusini mwa jiji, lilijengwa kwa ajili ya watu 800 na kwa miaka sasa linalaza maelfu. Magereza ya nchi nzima yana nafasi elfu nne na ushei, na wafungwa wamevuka 12,000, takriban nusu yao mahabusu ambao hawajahukumiwa. Gereza la Gitega, la watu 400, lilikuwa na zaidi ya 1,500 liliposhika moto Desemba 7, 2021, na serikali ilitangaza vifo 38. Kazi ipo tele. Anayekosekana ni wa kuilipia.

Fuata kesi moja ya kawaida. Kijana wa mtaa wa Buyenzi anakamatwa kwa tuhuma za kuvunja duka. Polisi wa upelelezi wanaweza kumshikilia siku 7, zikaongezwa mara moja zikafika 14. Ndani ya siku hizo maelezo yake, aliyoyatoa kwa Kirundi au Kiswahili, huandikwa mara nyingi kwa Kifaransa, kisha anapewa kalamu atie saini. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 2013 ilimpa haki ya kuwa na wakili tangu hatua hii. Wakili anayefika siku ya tatu anaweza kuligeuza faili zima. Anayeitwa baada ya miezi mitano hukuta saini ya mteja wake imemtangulia, na kazi yake yote inakuwa kubishana na karatasi.

Faili likifika parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, jaji atapima kwenye kikao cha faragha kama kuna sababu ya kuendelea kumweka kijana ndani. Pesa ya jinai, kama ipo, iko hapa mwanzoni. Familia huchanga ili mtu wao atoke. Akitoka, awamu ya pili ya ada ya wakili haionekani tena. Asipotoka, wakili anaambiwa hajui kazi, na kilichobaki kinaenda kwenye chakula cha kupelekwa Mpimba. Zaidi ya hayo, wakili anashindana na bahasha. Rais Évariste Ndayishimiye mwenyewe amewakemea majaji hadharani mara kadhaa kwa kula rushwa. Familia yenye faranga chache inajiuliza kama si afadhali kumpa mwenye ufunguo moja kwa moja. Ni hesabu mbaya, lakini anayeifanya hana muda wa kusubiri hesabu nzuri.

Linganisha na ardhi, ambayo ndiyo inayojaza mahakama za Burundi. Mwenye shamba ana kitu mkononi na ana subira, na kesi yake ikidumu miaka, ada nayo inadumu. Benki na makampuni hulipa kwa mwezi. Ndani ya jinai yenyewe panalipa sehemu mbili tatu tu: ubadhirifu, makosa ya forodha, na ajali za barabarani, ambako nyuma ya dereva kuna kampuni ya bima na familia ya marehemu inadai fidia katika kesi hiyohiyo. Mwanafunzi anayetaka jinai na anayetaka kula angejifunza sheria ya bima mapema. Hili vitivoni halisemwi vya kutosha.

Kabla ya kuwa wakili kamili kuna miaka miwili ya mafunzo chini ya wakili mkongwe, baada ya kiapo mbele ya Mahakama ya Rufani. Wakili wa mafunzo mara nyingi hana mshahara wa kueleweka. Ana nauli, na pengine chakula cha mchana. Nauli yenyewe imekuwa shauri. Machi 2022 pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji, na uhaba wa mafuta umefanya foleni ya basi kuwa sehemu ya siku ya kazi. Asubuhi mahakamani, mchana Mpimba, na yote kwa mteja asiyelipa! Wengi hukimbilia utumishi wa serikali, kuwa waendesha mashtaka au majaji. Huko mshahara ni mdogo ila una tarehe.

Kulikuwa na wakati jinai ililisha watu Bujumbura. Kesi za mauaji ya 1993 zilipoanza kusikilizwa 1996, washtakiwa wengi walisimama bila mtetezi, na Julai 1997 watu sita walinyongwa. (Adhabu ya kifo ilifutwa na kanuni ya adhabu ya 2009.) Msaada wa nje ukaja, na tangu 1999 shirika la Avocats Sans Frontières likafanya kazi nchini. Mawakili wengi wa Burundi waliisomea jinai katika kesi hizo, wakilipwa na wafadhili. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015 bomba la fedha hizo lilibanwa. Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016, na Oktoba 2018 serikali nayo ikasimamisha mashirika ya kigeni kwa miezi mitatu, baadhi yakafunga virago. Dola haikuichukua ankara iliyoachwa.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara. Januari 2014 Mahakama ya Rufani ya Bujumbura ilimfuta Isidore Rufyikiri, rais wa chama cha mawakili, kwenye orodha ya mawakili. Januari 2017 mawakili Armel Niyongere, Dieudonné Bashirahishize na Vital Nshimirimana walifutwa vilevile, baada ya kuchangia ripoti iliyopelekwa kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso. Wakili Tony Germain Nkina alikamatwa Oktoba 2020 akiwa amekwenda kumwona mteja Kayanza, akahukumiwa miaka 5 na kuachiwa Desemba 2022. Mzazi anayemsihi mwanawe aende benki si mwoga bure.

Hata hivyo sikubaliani na wanaowaambia wanafunzi waikwepe jinai. Hakuna tawi linalomfundisha wakili kuhoji shahidi na kusoma faili kwa haraka kama hili, na anayeipitia kwa miaka mitatu minne huwa bora hata kwenye mashauri ya biashara. Kosa ni kuwaachia vijana mzigo ambao ni wa dola. Kenya ina sheria ya msaada wa kisheria tangu 2016, Tanzania Bara tangu 2017. Zote mbili zina mapengo, lakini zimekubali kwamba utetezi wa maskini una gharama na lazima alipwe mtu. Burundi imekuwa ikitegemea zaidi msamaha wa rais: amri ya Machi 2021 iliwafungulia zaidi ya wafungwa 5,000, na magereza yakajaa tena. Msamaha unapunguza watu leo. Hauligusi faili bovu linaloandikwa kesho asubuhi katika kituo cha polisi.

Wizara ya Sheria iweke ada ndogo isiyobadilika, inayolipwa bila kuchelewa, kwa wakili kijana anayefika kituoni ndani ya zile siku 14. Nawe mwanafunzi, ichague jinai, lakini kabla ya kula kiapo tafuta tawi la pili la kukulipia kodi ya nyumba.