Shemeji, usimwite garasa

Mwezi huu uniwie radhi, siongelei wivu wala michango ya harusi. Nimegombana na shemeji yangu, na kabla sijakueleza tumegombania nini naomba ujue kitu kimoja: mimi ni mtu wa kikapu. Wenzangu wana timu Uingereza na kelele za Simba na Yanga, mie nina kikapu.

Basi Jumapili iliyopita shemeji alikuja kula kwetu, yeye na mchumba wake. Ana miaka 26, kazi nzuri ya mjini, na kitambulisho cha ofisini kinaning'inia shingoni hata Jumapili (samahani shem, lakini ni kweli). Pilau ikaliwa, kachumbari ikaisha, stori zikahamia kwenye michezo. Nikataja jina la Hasheem Thabeet. Jamaa akacheka.

"Aah shem, yule si alikuwa garasa tu?"

Nikamjibu kwa sauti ambayo haimfai mgeni. Mchumba wake akainamia sahani. Mama watoto wangu akanipa lile jicho la "baba, taratibu", maana pale mezani ni yeye peke yake aliyejua kwamba sikuwa namtetea Hasheem tu.

Nieleze vizuri. Mimi nina kaugonjwa ka kuwafuatilia wachezaji wa kikapu wa vyuo vya Marekani baada ya kutoka chuo. Wakiwa chuoni kila mtu anawaona, wanajaza kumbi na kutangazwa kwenye televisheni. Kisha msimu unakwisha, watu wanahamia kwa wapya. Mimi ndipo ninapoanza. Nataka kujua yule senta yuko wapi sasa, analipwa na nani, anacheza dakika ngapi. Chuo changu ni Connecticut, UConn kwa kifupi, na sababu unaijua: mwaka 2006 alijiunga pale kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka 15 na kumalizia sekondari Houston, Texas.

Mwaka wake wa tatu na wa mwisho pale chuoni alikuwa moto. Wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mitupo 4.2 aliyoizima kila mechi. Timu ikafika nusu fainali ya vyuo vyote, Detroit, Aprili 2009. Tuzo ya mchezaji bora wa kanda yao ya Big East akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, jamaa mfupi mnene ambaye Februari ya mwaka huo alimbeba Hasheem juu ya bega na kumwangusha chini mbele ya kamera. Mkumbuke huyo Blair, nitamrudia.

Usiku wa drafti, yaani ule mnada wa heshima ambapo timu za NBA huchagua vijana kwa zamu, ilikuwa Juni 25 kule New York na huku kwetu tayari tarehe 26, saa nane na nusu usiku. Tulikesha mimi na mwenzangu, enzi hizo bado ni mchumba, kaja "kuangalia mpira" na kanga ya kujifunika. Chaguo la kwanza, Blake Griffin. La pili, Memphis Grizzlies wakamtaja Hasheem. Mtanzania wa kwanza NBA! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa hapo ndipo shemeji na wenzake wanapofungulia hesabu zao. Wa tatu usiku ule alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Ukiipanga orodha hiyo leo, na Curry ana tuzo za mchezaji bora wa ligi za 2015 na 2016, na Harden ana ya 2018, ni rahisi sana kucheka. Lakini Hasheem hakujichagua. Walimchagua watu wazima wenye suti, waliolipwa kwa kazi hiyo, na waliposhindwa kumtumia lawama zikabaki kwake. Pale Memphis nafasi yake ilikuwa na mwenyewe, Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alikuja kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Mtoto wa watu aliyeanza kikapu ukubwani akawekwa benchi nyuma ya mtu wa namna ile. Pointi 3.1 kwa mechi. Februari 2010 wakamshusha kwa muda ligi ndogo, D-League, timu ya Dakota Wizards, mji wa Bismarck kwenye baridi kali. Hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kama yeye akashushwa huko kabla yake, na magazeti yakahakikisha kila mtu anajua hilo.

Blair je? Madaktari walitazama magoti yake wakakuta hayana zile kano za katikati, timu zikaogopa, akateremka mpaka namba 37, raundi ya pili, ambako mkataba hauna uhakika. San Antonio Spurs wakamchukua. Msimu wa kwanza akacheza mechi zote 82, na akadumu NBA misimu saba. Mbili na thelathini na saba!

Haya, nirudi nyumbani.

Mwaka huo huo 2009 nami nilichaguliwa. Nilikuwa nimetoka chuo na matokeo mazuri, na kampuni moja ya simu ilikuwa inachukua vijana wachache wa kuwapika wawe mameneja. Usaili ulikuwa wa hatua nne, waombaji wengi ajabu, tukapita wawili. Makao makuu, ghorofa ya juu, kiyoyozi, picha yangu kwenye jarida la ndani la kampuni nikiwa nimekunja mikono kama mwanasiasa. Mama yangu aliikata picha ile akaibandika sebuleni. Mwenzangu hakunipenda kwa ajili ya hiyo kazi, hilo najua, lakini alinikuta nikiwa nayo, na mimi nilijizoesha kuamini kwamba ndiyo mimi.

Machi 2012 ikaja barua. Idara yetu inapangwa upya. Mimi nakwenda tawi la Shinyanga kusimamia mawakala na vocha. Mshahara haujaguswa, cheo kimepewa jina refu zaidi, lakini ofisi nzima ilielewa. Siku ile lifti ilijaa watu wanaotazama viatu vyao.

Mwenzangu alikuwa na mimba ya miezi mitano na kazi yake hapa Dar. Nikamwambia lini? Sikumwambia. Siku tisa, msomaji wangu. Siku tisa nilivaa tai, nikaaga, nikarudi jioni nikasema "kazi nzuri tu". Tena nikafanya kibaya zaidi. Mama alipopiga simu nikamwambia, "Mama, nimepewa mkoa." Bibi wa watu akapiga vigelegele nikavisikia mpaka kwenye sikio la pili.

Usiku wa siku ya tisa nilikuwa kwenye kompyuta nasoma habari za NBA. Houston, waliokuwa wamemchukua Hasheem kutoka Memphis mwaka uliotangulia, nao walikuwa wamemtoa, wamempeleka Portland. Timu ya tatu ndani ya miaka mitatu. Mwenzangu akachungulia begani kwangu.

"Huyu naye kafanya nini tena?"

Nililipuka. "Hajafanya kitu! Wamemhamisha tu! Mtu akihamishwa ni lazima awe kafanya kitu?"

Akanyamaza. Akakaa kitandani polepole, mkono tumboni. Halafu akasema, "Mama yako kanipigia mchana. Ananipa hongera ya mkoa. Mkoa gani, baba?"

Sikuwa na jibu, nikampa barua. Akaisoma mara mbili. Nilitegemea atalia kwa sababu ya Shinyanga, kumbe wapi. Aliniambia hivi, na mpaka leo nikikumbuka najisikia mdogo: "Shinyanga haijaniuma. Mama yako umempa uongo, mimi hata uongo hukunipa."

Ndugu zangu, tulilala migongo imetazamana wiki nzima.

Baadaye akatoa sharti moja: nimpigie mama niseme ukweli, mwenyewe, kwa mdomo wangu, yeye akiwa amekaa pembeni. Ilinichukua wiki tatu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mshahara wamekata?" Nikasema hapana. "Basi. Shinyanga mchele wake mzuri, usije mikono mitupu." Picha yangu hakuibandua sebuleni, na wala hakuwahi kuniuliza tena habari ya mkoa.

Nilikaa Shinyanga miaka miwili. Sitakudanganya kwamba ilikuwa mapenzi ya barua na mashairi. Ilikuwa basi la alfajiri, pesa zilizokwenda kwenye nauli na vocha, na ugomvi wa simu unaokatika katikati kwa sababu salio limeisha (na mimi ndiye msimamizi wa vocha!). Mtoto wetu alizaliwa Julai, nikafika siku ya pili yake. Hilo bado linanidai.

Kwenye chumba changu cha kupanga kule nilikuwa nafungua simu usiku kutafuta takwimu za mechi. Hasheem alikuwa amesaini Oklahoma City kiangazi hicho cha 2012, timu ya kina Kevin Durant. Msimu huo alicheza mechi 66, akiingia kwa dakika kumi na kitu. Anaingia, anasimama chini ya kikapu, anazima mtupo mmoja, anafanya faulo mbili, anatoka. Hakuna aliyeandika habari yake. Nilikuwa nasoma mstari wake mmoja ule kama mtu anayesoma barua ya kaka yake aliye safarini. Asubuhi naamka, nakwenda kwa mawakala wangu sokoni.

Mwenzangu hakuwa anajali kikapu. Aliyemvutia ni mwingine wa UConn, Emeka Okafor. Huyu wazazi wake ni Wanigeria. Alimaliza shahada ya fedha kwa miaka mitatu huku akicheza, akachukua ubingwa wa vyuo 2004, naye akachaguliwa namba mbili, miaka mitano kabla ya Hasheem, na 2005 akawa chipukizi bora wa NBA. Kisha shingo ikamwangusha, diski imeharibika. Kuanzia 2013 akakaa nje misimu minne. Watu walishamzika. Akarudi kupitia ligi ndogo, na Februari 2018, akiwa na miaka 35, New Orleans wakamrudisha NBA. Siku niliyomsimulia hayo mwenzangu aliweka mwiko chini akauliza, "Hiyo miaka minne, nyumbani kwake walikuwa wanaongea nini jioni?"

Takwimu hazina safu ya hilo. Lakini tangu aulize, kila nikimtafuta mchezaji aliyepotea ndilo linalonijia kwanza.

Hasheem mwenyewe, msimu wa 2013-14 ndio uliokuwa wa mwisho kwake NBA. Mechi 224 kwa jumla. Kisha fuata ramani: Grand Rapids kwenye D-League, Yokohama kule Japani, Fort Wayne kwenye ligi ndogo ile ile msimu wa 2019-20 akiwa na miaka 32, na baada ya hapo Taiwan, mji wa Hsinchu, halafu Tainan. Hebu hesabu masanduku. Hesabu funguo za nyumba za kupanga. Huyo ndiye mtu ambaye shemeji yangu, mwenye kazi ya mwaka mmoja na nusu, anamwita garasa huku akiongeza pilau.

Nisimwonee, shemeji si kijana mbaya. Jioni nilimsindikiza mpaka getini. Mchumba wake alikuwa ametangulia kuita bajaji. Nikamwambia habari ya siku tisa, ambayo hakuwahi kuisikia, kwa kifupi hivi hivi nilivyokusimulia wewe. Alikuwa anacheza na kile kitambulisho, anakizungusha kwenye kamba yake.

"Ungekuwa wewe," nikamuuliza, "huyo binti ungemwambia siku ya ngapi?"

Akacheka, akatazama barabarani. "Shem bwana... nisingekaa siku tisa."

"Ngapi?"

Bajaji ikafika, hakujibu. Usiku nikamtumia video ya Hasheem akiwa Taiwan, jitu lile lile limesimama chini ya kikapu, kijana mmoja anakuja mbio, mpira unarushwa, mpira unaishia kwa watazamaji. Shemeji akaitazama, nikaona alama zimebadilika rangi. Kesho yake asubuhi ndipo akajibu: "Bado anazima huyu mzee." Halafu dakika chache baadaye, ujumbe wa pili: "Shem, ile stori ya siku tisa nimempa mchumba wangu. Anasema anataka kuongea na dada."

Wanaongea tangu Jumatatu, na mimi nikiingia sebuleni wananyamaza. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.