Gauni Nyuma ya Kaunta
Na Tabitha Nasieku

Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inapoorodhesha mambo ambayo hayaruhusiwi kutumiwa kumbagua mtu, inayataja mavazi baina ya utamaduni na lugha, na kifungu chake cha tano kinaeleza kwamba katazo hilo haliifungi Serikali peke yake bali linamfunga kila mtu, akiwemo mwenye duka la jumla la Matasia, mwenye kibanda cha mitumba cha Kitengela na msimamizi wa zamu katika supamaketi iliyo kando ya barabara ya Namanga. Safu hii inashikilia kwamba neno mavazi linamlinda pia mwanamume anayefanya kazi dukani akiwa amevaa kama mwanamke, na kwamba mwajiri au mteja anayetaka aondolewe kwenye kaunta kwa sababu ya gauni lake hana hoja ya kutosha, iwe ya kisheria au ya kibiashara.

Inafaa kwanza kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya mitaani huyachanganya. Mwanamume avaaye mavazi ya kike, ambaye ndiye anayezungumziwa hapa, ni mtu aliyezaliwa mwanamume ambaye hujivika gauni, wigi na vipodozi, wakati mwingine kwa saa chache na wakati mwingine kwa siku nzima ya kazi, na ambaye huenda bado anajihesabu kuwa mwanamume. Mtu transijenda ni yule ambaye namna anavyojitambua moyoni hailingani na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa, na kwake yeye gauni hilo ni vazi la jinsia yake mwenyewe. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoangukia wazi upande mmoja, na sensa ya Kenya ya mwaka 2019, iliyowahesabu mahuntha kwa mara ya kwanza, iliandikisha 1,524. Hakuna hata moja kati ya hali hizi inayosema mtu anampenda nani, ingawa matusi yanayorushwa stendi huwatia wote katika kapu moja. Mpaka baina ya kundi la kwanza na la pili wala si ukuta, kwa kuwa wapo wanaochukua miaka mingi kujielewa, na mwajiri hana sababu ya kumdai mtu jibu la swali hilo ili amruhusu kuuza sukari.

Kazi ya rejareja, yaani kumuuzia mtumiaji bidhaa kwa vipimo vidogo vidogo, ina ugumu wa pekee kwa mtu kama huyo kwa sababu ni kazi ya kutazamwa. Muuzaji husimama mbele ya watu tangu wanapofuata maziwa na mkate alfajiri hadi wanaposhuka matatu usiku wakitafuta unga na mboga. Sauti yake husikika katika kila bei anayoitaja, mikono yake hutazamwa inapohesabu chenji, na ndevu zilizonyolewa asubuhi huanza kujionyesha jua linapotua. Juu ya hayo kuna simu. Mteja akituma pesa kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye namba ya muuzaji, ujumbe wa uthibitisho humletea jina lililosajiliwa kwa kitambulisho, hivyo mtu ambaye wateja wamemzoea kwa jina la Shiru hutokea kwenye skrini kwa jina la kiume, mbele ya foleni, bila kupewa nafasi ya kuamua ni nani ajue na ni lini ajue. Duka linalotumia namba ya till, ambayo huonyesha jina la biashara badala ya jina la mtu, humwepusha na fedheha hiyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba kinga nyepesi kiasi hicho haifikiriwi na wengi.

Karatasi nazo zina mzigo wake. Anayetafuta kazi huulizwa kitambulisho, vyeti vya shule, cheti cha tabia njema kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai na, ikiwa atashika chakula, cheti cha afya, na nyingi kati ya karatasi hizi hutaja jina au jinsia isiyofanana na sura iliyosimama mbele ya mwajiri. Audrey Mbugua, mwanamke transijenda aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la kiume, alilazimika kulishtaki Baraza la Mitihani la Kitaifa, na mwezi Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru apewe cheti chenye jina lake jipya kisichokuwa na alama ya jinsia, akieleza kwamba alama hiyo haikuwa ya lazima kwenye cheti cha mtihani. Uamuzi huo haukuhusu duka, lakini hoja yake yaweza kuingia dukani bila kubadilishwa hata kidogo, kwa sababu alama aliyopata mtu katika hesabu ndiyo inayomhusu mwenye duka, na alama hiyo haigeuki jina linapogeuka.

Matasia, iliyo kati ya Ngong na Kiserian katika Kajiado Kaskazini, ni mahali panapofaa kulifikiria jambo hili kwa sababu ni mji uliojazwa na wageni. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 katika sensa ya 2009, na miaka kumi baadaye walihesabiwa 1,117,840, wengi wao wakiwa watu waliofuata ploti na nyumba za kupanga zilizo rahisi kuliko za Nairobi. Katika mji wa namna hii muuzaji na mnunuzi hawajuani kwa ukoo wala kwa kijiji, hivyo hupimana kwa macho, na mavazi hubeba kazi ambayo zamani ilifanywa na jina la baba. Hata hivyo wakazi hao hao wamekwisha kuzoea mengi. Muuzaji Mkorino mwenye kilemba cheupe, mlinzi wa Kimaasai aliyejifunga shuka na kuvaa shanga, dada Mwislamu mwenye hijabu na kijana mwenye rasta wote huhudumia wateja kila siku, ingawa kila mmoja wao aliwahi kutazamwa kwa shaka. Rasta na hijabu zimefika hadi mahakamani: mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Shule ya Upili ya Olympic ya Nairobi ilikosea kumfukuza mwanafunzi wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake, na katika mwaka huo huo kesi ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, ilikuwa imefika Mahakama ya Juu, ambako uamuzi wa awali uliowapa wasichana haki ya kuivaa ulitenguliwa kwa sababu za utaratibu.

Wanaosema kwamba mwanamume kuvaa nguo za kike ni jambo lililoletwa na simu kutoka ng'ambo wangefanya vyema kuuliza historia ya ardhi wanayoikanyaga. A. C. Hollis, afisa wa kikoloni wa Uingereza aliyechapisha kitabu kuhusu Wamaasai mwaka 1905 na kingine kuhusu Wanandi mwaka 1909, aliandika kwamba vijana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa, walioitwa sipolio, walivaa vazi refu lililofika chini pamoja na hereni za surutia, ambazo kwa kawaida ni pambo la wanawake walioolewa, hadi walipopona; na kwamba miongoni mwa Wanandi wasichana waliwapa wavulana nguo na mapambo yao kabla ya tohara, kisha baada ya tohara wavulana hao wakavishwa nguo za wanawake walizopewa na mama zao. Ni kweli kwamba ile ilikuwa ibada, yenye mwanzo na mwisho, iliyosimamiwa na wazee, na kwamba lengo lake lilikuwa kumfikisha kijana kwenye uanaume, hivyo haiwezi kutolewa kama ushahidi kwamba wazee wa Kajiado wangembariki muuzaji mwenye wigi. Inachothibitisha ni kitu kidogo zaidi lakini cha maana: kwamba nguo ya kike juu ya mwili wa kiume haikuwa laana yenyewe, na kwamba jamii ilijua kuitazama bila kupiga kelele pale ilipokuwa imeamua kumheshimu aliyeivaa.

Leo hali ya kutazama bila kelele hupatikana kwenye uchekeshaji. Mhusika Mama Otis, anayeigizwa na mchekeshaji Flaqo akiwa amevaa kama mama wa nyumbani, amewachekesha Wakenya kwa miaka kadhaa, na familia nzima humtazama pamoja sebuleni. Uigizaji una sheria zake, na mtazamaji anajua kwamba mchezo utakwisha. Lakini inaumiza kuona kwamba jamii inayompokea mwanamume mwenye leso anapoifurahisha humkataa mwanamume mwenye leso anapotaka kujipatia mkate, kana kwamba ruhusa ya kuvaa inatolewa kwa sharti la kuchekwa.

Hoja inayotolewa mara nyingi zaidi dhidi ya muuzaji huyu ni udanganyifu, kwamba anajifanya mtu asiye. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kosa la kujifanya mtu mwingine, lakini kosa hilo linahitaji nia ya kulaghai na linahitaji mtu mwingine ambaye mshtakiwa anajidai kuwa yeye. Gauni halimdai mteja chochote wala halimnyang'anyi haki yoyote, kwa kuwa alichokuja kununua ni kilo mbili za mchele, na mizani ndiyo inayoweza kumdanganya. Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mwanamume kuvaa nguo za kike. Polisi waliosahau hilo wamewagharimu walipa kodi: mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamuru mlalamishi aliyetambuliwa kwa herufi A.N.N. alipwe shilingi 200,000 baada ya polisi wa Thika kumvua nguo mbele ya waandishi wa habari, na mwezi Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi, katika Mahakama Kuu ya Eldoret, aliamua kwamba haki za mwanamke transijenda aliyekamatwa mwaka 2019 zilikiukwa, akaielekeza Serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Raia nao hawana ruhusa ambayo polisi hawana. Kifungu cha 251A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa mwishoni mwa 2014 baada ya wanawake kuvuliwa nguo hadharani katika vituo vya matatu vya Nairobi, kinaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa anayemvua mtu nguo kwa kumdhalilisha, na hakisemi kwamba mtu huyo sharti awe mwanamke.

Ndani ya sheria ya ajira, hata hivyo, kuna pengo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007, iliyotungwa miaka mitatu kabla ya Katiba, kinakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha, dini, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na mengineyo, lakini hakitaji mavazi. Mfanyakazi anayefukuzwa kwa ajili ya gauni hulazimika basi kuegemea Katiba yenyewe, au kudai kwamba amebaguliwa kwa jinsia yake, kwa kuwa mwanamke mwenye gauni lile lile asingefukuzwa. Hoja hii ya pili ndiyo iliyoshinda katika Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 15 Juni 2020, katika uamuzi uliojumuisha kesi ya Aimee Stephens, mfanyakazi wa nyumba ya mazishi huko Michigan aliyefukuzwa baada ya kumwarifu mwenye kampuni kwamba angerudi kazini akiwa amevaa kama mwanamke. Stephens alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, hivyo hakuusikia ushindi wake. Mahakama za Kenya hazifungwi na uamuzi huo, lakini mantiki yake ni nyepesi kufuatwa na yeyote.

Mwenye duka atajibu kwamba wateja watamkimbia, au kwamba imani yake inamkataza kushiriki, na wapo watakaotaja Kumbukumbu la Torati 22:5. Imani hiyo ni ya kweli kwa walio nayo, na ibara ya 32 inailinda. Inamruhusu mwenye duka kuvaa apendavyo, kufunga siku ya ibada na kuhubiri anachoamini, lakini haimpi mamlaka juu ya mwili wa aliyemwajiri. Kuhusu wateja, biashara ya rejareja huishi kwa bei, ukaribu na uaminifu, na mnunuzi anayepewa kipimo kamili na chenji kamili hurudi. Wachache watakaoondoka hawawezi kufanywa waamuzi wa nani apate kazi, la sivyo Mkorino na dada wa hijabu wangekuwa wameondolewa zamani kwa kura hiyo hiyo.

Yanayohitajika kazini si makubwa. Sare moja ya fulana, suruali na aproni kwa wafanyakazi wote huondoa nusu ya ugomvi. Beji inayoonyesha jina analotumia mfanyakazi inatosha, huku jina la kitambulisho likibaki kwenye faili la mshahara. Choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, cha mtu mmoja mmoja, humaliza swali la choo katika maduka madogo. Na msimamizi anayemkemea mteja mtukanaji kama angemkemea anayemtukana mfanyakazi mwingine yeyote huwa ametimiza wajibu wake. Bunge, kwa upande wake, linaweza kuongeza neno mavazi katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kwa marekebisho ya mstari mmoja ili kukilinganisha na Katiba. Wakati hilo likisubiriwa, muuzaji wa Matasia anayefukuzwa leo ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, ana haki chini ya kifungu cha 41 kuelezwa sababu na kusikilizwa akiwa na mwenzake kabla ya kuachishwa kazi kwa madai ya mwenendo mbaya, na kifungu hicho hicho cha 5 kinamtwika mwajiri, badala ya mfanyakazi, mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea.