Mabao manne ya Bloemfontein

Julai 28, 2024, Yanga iliifunga Kaizer Chiefs mabao 4-0 mjini Bloemfontein, Afrika Kusini. Prince Dube, Stephane Aziz Ki mara mbili, na Clement Mzize. Kwenye benchi la wenyeji alikaa Nasreddine Nabi, kocha wetu wa zamani. Kibanda umiza nilikotazamia kililipuka. Bao la tatu lilipoingia, mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia akaipungia televisheni kama vile Mzize anamwona.

Nilifurahi, na sijutii. Lakini mechi iliyonifundisha zaidi ilichezwa siku nane kabla, pale Augsburg ya Ujerumani ilipotufunga 2-1. Wajerumani walitubana, wakatuonyesha tulipo na tunapopungukiwa. Hiyo hatukuisimulia vijiweni.

Kosa letu mashabiki ni kuhesabu mabao ya maandalizi kana kwamba ni pointi. Mechi za Julai ni za kutafuta pumzi na kuzoeana. Kipimo chake ni jinsi timu inavyorudi kukaba ikipoteza mpira, na kama anayeingia kipindi cha pili anajua kazi yake. Novemba mwaka huohuo, baada ya vipigo viwili mfululizo vya ligi, kutoka kwa Azam na Tabora United, kocha Miguel Gamondi aliondolewa. Mabao manne hayakumkinga.

Viongozi wa klabu zetu, kabla ya ligi tutafutieni wapinzani wanaotuzidi. Tukifungwa, tutavumilia.